Kipete Kilichoacha Kusogea

Saa moja na nusu asubuhi, Mama Spoki ameshaipindua baiskeli ya muuza maziwa, magurudumu juu, na anazungusha la nyuma huku amefumba jicho moja. Rimu inayumba kidogo upande wa kushoto. Anakaza spoki moja, analegeza nyingine, anazungusha tena.

"Mama, itakwisha leo kweli?" anauliza muuza maziwa.

"Endelea kunisemesha uone kama maziwa hayajaganda," anajibu bila kuinua kichwa.

Nyuma yake, ukutani, inaning'inia baiskeli isiyo na mteja. Ni ya milimani, nyeusi tii, fremu yake ya kaboni, nyepesi, yenye shokapu mbele na nyuma. Kwenye fremu pamebandikwa utepe wa karatasi wenye namba nne na tarehe zake: 130, 118, 104, 90. Kila Jumatatu huishusha, hupima upepo wa shokapu ya nyuma na kuurudisha kwenye tisini, kwa kuwa huvuja kidogo kidogo. Kisha huitundika tena.

"Tisini ndiyo ya mwisho," anasema fundi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na minne. "Namba ya mwanangu."

Binti yake wa pekee, ambaye wateja walimwita Breki kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akizigusa, ndiye aliyeileta fremu hiyo mgongoni, ikiwa na ufa karibu na pedeli. Duka moja lilikuwa linaitupa. Baiskeli mpya ya aina hiyo ingemeza mapato ya Mama Spoki ya miaka mitatu, tena bila kula.

Mama na binti wakapiga moyo konde. Waligonga fremu kwa sarafu, kipande kwa kipande, wakisikiliza palipotoa sauti butu, wakaziba kwa kitambaa cha kaboni na gundi. Rimu zilitoka huku, gia kule, shokapu kwa mtu aliyevunja baiskeli na mkono siku moja. Kazi ilichukua miaka miwili na, kwa makadirio ya fundi, mapato ya miezi saba.

"Siku anashuka nayo mlimani mara ya kwanza nilifumba macho," anasema. "Nikasikia anacheka. Nikafumbua."

Shokapu ya namna hiyo hujazwa upepo kulingana na uzito wa mpandaji. Mmoja hukaa kitini ameshika ukuta. Mwenzake huchuchumaa na kutazama kipete cha mpira kwenye fimbo ya shokapu. Kikisogea robo ya njia, upepo umetosha. Kisipofika robo, upepo umezidi, unapunguzwa. Ni kazi ya watu wawili.

Miezi michache kabla ya mashindano ya kushuka mlima, kipete kikaanza kugoma. Breki akikaa, hakifiki robo.

"Mama, imekuwa ngumu, inanirusha," alilalamika.

Mama akapunguza upepo, akaandika 118 na tarehe. Wiki tano baadaye, yakawa yale yale. Hakuwa na shaka kwamba shokapu imekwama. Akaifungua, akabadilisha mipira ya ndani, akaifunga. Mwezi uliofuata akaifungua tena.

Anapofika hapa anaweka spana chini.

"Shokapu ilikuwa nzima. Tangu siku ya kwanza ilikuwa nzima. Mwanangu ndiye aliyekuwa anapungua, na mimi nimechuchumaa pale nakodolea kipete. Uso wake ulikuwa juu yangu hapa. Sikuinua macho."

Breki alikuwa akisambaza vifurushi mjini, anatoka kabla hakujapambazuka, amevaa koti pana. Siku aliyoanguka kazini, vipimo vilionyesha saratani ya damu. Daktari aliuliza alianza kupungua lini. Ndugu wakatazamana.

"Mimi nilikuwa na jibu. Nilimtajia mpaka tarehe, maana nilikuwa nimeziandika kwa mkono wangu. Akaniuliza, 'Mama, wewe ni muuguzi?'"

Ni mwaka na miezi miwili tangu wamzike. Mume wa Mama Spoki, dereva wa lori aliyestaafu, hajakanyaga karakana tangu siku hiyo. Huleta chai, akaiacha mlangoni, akarudi zake.

"Hajanilaumu hata kwa neno moja," anasema Mama Spoki. "Heri angenilaumu, ningejua pa kujibia."

Siku hizi mteja akija, humtazama usoni kwanza, baiskeli baadaye. Muuza maziwa alilazimishwa kwenda kupima, akakutwa na shinikizo la damu.

"Ananikagua mimi kuliko baiskeli," analalamika huku akipakia madumu yake.

Watu wawili wameomba kuinunua ile nyeusi. Amewakatalia. Anataka kushuka nayo mwenyewe njia ile ya mlimani, "breki nimezishika mwanzo mwisho." Lakini tisini haiwezi kumbeba, na kwa miezi miwili kila akishika pampu huirudisha chini bila kujaza.

Muuza maziwa akishaondoka, anaishusha. Anapanda, bega ukutani. Kipete kinakwenda hadi mwisho wa fimbo. Pampu iko sakafuni, haifikii. Mlangoni, mumewe anainama kuacha chupa ya chai.

"Baba Breki," anamwita. "Niangalizie kipete."

Mzee anaweka chupa chini. Kisha anavuka kizingiti na kuchuchumaa, magoti yakilia. Hatazami kipete. Anamtazama mkewe usoni, kwa muda mrefu.

"Hujala tangu jana," anasema.

"Najua. Angalia."

"Kimefika mwisho."

"Basi jaza."

Anajaza polepole. Mke anashuka, anapanda tena, mara tatu, mpaka kipete kinakaa kwenye robo. Mama Spoki anampa kalamu. Mzee anaandika 170 chini ya 90, na tarehe pembeni.

"Jumamosi nitakaa kule chini, njia inapotokea," anasema, akimfungulia chupa ya chai. "Uje taratibu. Nitakungoja."