Konokono Mzuri wa Fundi Meno

Fundi Meno hakuwa mwanamke wa kugawa sifa ovyo. Kazi yake ilikuwa kuchonga meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki, na miaka yote hiyo ya kutazama vinywa vya watu ilimwachia imani ndogo sana kwa yanayotoka humo.

Waliomchosha walikuwa wengi, lakini bingwa wao alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, wakala wa bima aliyejua kila kitu chini ya jua. Ndiye aliyemwambukiza ugonjwa wa kufuga matumbawe. Fundi akanunua tangi la kioo, akalisimamisha sebuleni palipokuwa na televisheni, akalijaza maji ya chumvi na kupanga mawe yaliyotoka baharini. Sasa, mawe hayo hayaji peke yake. Kila tundu lina mpangaji. Wafugaji huwaita wadandiaji: viumbe waliojibanza jiweni wakasafiri bila nauli, kisha hujitokeza mmoja mmoja wakikuachia wewe kazi ya kujua yupi mgeni na yupi mwizi.

Shemeji hakuhangaika na kujua. Yeye alitamka tu. Alikuwa na kundi la wafugaji kwenye simu, ambamo mtu hutuma picha yenye ukungu kama imepigwa ndani ya bakuli la uji, na kabla hajaiweka simu mezani ameshapewa majina manne yasiyoelewana.

"Wataalamu wa kidole gumba hao," Fundi alisema. "Hata daktari wa meno hukuomba kwanza ufungue mdomo."

Kwenye jiwe la mbele alikuwa na kitu alichokipenda kuliko vyote: shamba la vijitumbawe vya duara, vimetandaa kama vifungo vya shati, kila kimoja na kope zake za kijani. Vikaanza kupungua. Asubuhi moja alikuta kifungo kimeyeyuka, na juu yake mnyoo mwekundu mwenye manyoya ya miiba, anakula bila haya.

Jumapili shemeji alipokuja na mkewe, alitupia tangi jicho moja tu.

"Muuaji huyo hapo! Minyoo hiyo. Toa yote, mwaga dawa."

"Umemwona akiua?"

"Amekutwa juu ya maiti, shemeji. Unataka ushahidi gani tena?"

"Hata nzi hukutwa juu ya maiti. Umeshasikia nzi amefungwa?"

Mdogo wake alicheka hadi chai ikampalia. Shemeji, ili asishindwe kabisa, akamwonyesha konokono aliyekuwa ametulia pembeni. Alikuwa na gamba bapa, lililojizungusha kama ngazi za mnara zikitazamwa kutoka juu, madoa ya maziwa na kahawia yakipishana.

"Basi huyu ndiye rafiki yako. Msafishaji. Anakula ukoko wa kwenye kioo."

Hapo Fundi hakubisha. Alimpenda konokono yule, alikuwa ameshampa jina, Bwana Harusi. Hakuwa amewahi kumwona kwenye kioo hata mara moja, lakini uzuri una namna yake ya kumfunga mtu macho, hata mtu mwenye macho ya kulipwa.

Kwa minyoo, akafanya jaribio. Aliitega kwa kipande kibichi cha kamba wa baharini, akainasa yote aliyoiona, akaihamishia kwenye bakuli kubwa la maji ya chumvi. Vifungo vikaendelea kutoweka. Akampigia shemeji.

"Washtakiwa wako wamo ndani, na mauaji yanaendelea."

"Basi kuna mwingine," shemeji akajibu papo hapo. "Mkubwa zaidi."

"Ndiyo. Na jina umeshamwandalia."

Akakata simu. Kesho yake kulipopambazuka, kabla ya kwenda kazini, alivaa miwani yake ya kukuzia na taa ya kichwani, vile vile anavyovaa mbele ya taya la plasta, akapiga magoti. Katikati ya vifungo alikuwa Bwana Harusi. Ametoa mdomo mrefu kama mrija, ameuzamisha kwenye moyo wa kifungo, anafyonza taratibu kama mzee na soda.

Fundi akakaa chini kabisa, sakafuni.

"Wewe mwanamke," akajiambia, "shahidi umemfunga, muuaji umemtandikia godoro."

Akavaa glavu, maana vifungo vile vina sumu, akambandua konokono kwa kibano. Minyoo ikarudishwa kwake kwa heshima, na konokono akachukua nafasi yake bakulini.

Jumapili iliyofuata alimsimulia shemeji alichokiona. Shemeji akatabasamu kwa huruma.

"Konokono huyu? Kundi zima linamjua, ni msafishaji. Nipe mimi kama humtaki."

"Anakula vifungo. Nimemwona kwa macho yangu."

"Nipe tu, shemeji."

"Mdogo wangu, umenisikia nikimwambia?"

"Nimesikia, dada," mdogo wake akasema. Mumewe akaondoka na kikombe cha plastiki amekikumbatia kama tuzo.

Haukupita muda, mdogo wake akapiga simu. Vifungo vya rangi ya chungwa, fahari ya mumewe, vilikuwa vinakwisha. Mumewe alikuwa amemwaga dawa ya minyoo. Kamba wake wenye masharubu walikuwa chali wote, na alikuwa akitangaza kwamba balaa hilo limetoka kwa Fundi.

Fundi alitaka kucheka, lakini wale kamba wakamkaa rohoni. Walikuwa wamekosa nini? Akaenda na koti lake la kazi, vumbi la plasta likiwa bado mkononi, akavaa glavu, akageuza jiwe, akamtoa Bwana Harusi akiwa amenona.

"Nilikuwa nimeanza kumshuku," shemeji akasema.

"Shemeji, wewe hata ukimezwa na chatu utasema umeingia kukagua."

Mkewe alicheka tena, safari hii hadi machozi, na hilo ndilo lililomuuma shemeji kuliko vifungo.

Vya Fundi vilivyosalia vilianza kuzaana tena, polepole, minyoo ikifagia chini yake. Vya shemeji havikurudi. Ameuza tangi, siku hizi anafuga ndege, na mdogo wake Fundi anasema mumewe ameshawajua wote.