Laini Iliyofika Jumatatu

Serikali ilipoandika kwamba kijiji cha Cleitir ni miongoni mwa mahali pagumu kufikika, Dolina Macaulay alicheka mpaka akaweka chini sindano zake za kufumia.

"Pagumu kufikika kwa nani?" aliuliza. "Mimi nipo hapa hapa miaka themanini na moja, na sijapotea hata siku moja."

Na kweli hakuwahi kwenda mbali. Alizaliwa upande wa magharibi wa kisiwa cha Lewis, pale Uskoti inapokwisha na kubaki maji matupu. Aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alifuga kondoo, alikata ule udongo mweusi wa kinamasi wa kukokea moto kila mwaka, na alimzika mumewe siku ambayo upepo ulitaka kuwanyang'anya waliobeba jeneza. Ukimwona njiani na kitambaa chake kichwani na ndoo mkononi ungesema ni mwanamke mkali, na hungekosea sana. Lakini ukali wake ulikuwa na mahali pa kuishia, na mahali penyewe palikuwa Tormod, mwanawe wa pekee.

Tormod alikuwa mtoto wa mluzi. Alipiga mluzi zizini, alipiga mluzi akienda shule, na siku ya Jumapili baba yake alimwambia autie mfukoni mpaka kesho. Cleitir hawana mchezo na Sabato. Viazi humenywa Jumamosi, supu hupikwa Jumamosi, moto huwekewa akiba Jumamosi, na nguo ikisahaulika kwenye kamba Jumapili, mwenye nguo atasikia habari zake mwezi mzima. Tormod aliwahi kuuliza kama ndege nao wameambiwa. Alipigwa kofi, na Dolina ndiye aliyempiga.

Alipokuwa mkubwa akaenda Nyuzilandi kukata manyoya ya kondoo kwa msimu mmoja. Msimu ukazaa mke, mke akaitwa Ngaire, na Tormod hakurudi tena ila kwa kumzika baba. Lakini kila Jumamosi simu ya mezani ililia nyumbani kwa Dolina, na kabla ya salamu ulisikika mluzi. Dolina alikuwa akijifanya kukasirika. "Huna adabu," alikuwa akisema, na huku amekwisha kuvuta kiti.

Kisha ugonjwa ukamwingia Tormod kooni. Madaktari wa kule walimkata, wakaiokoa pumzi lakini sauti ikapotea. Kuanzia hapo simu ikawa mateso. Dolina alisema, upande wa pili ikasikika pumzi, halafu Ngaire akajibu kwa niaba ya mumewe: "Anatabasamu, Mama. Anasema kwa kichwa, ndiyo."

"Anatabasamu vipi?" Dolina aliuliza siku moja.

Alichotaka Dolina kilikuwa kumwona mwanawe akiwa macho, mara moja, kabla hajafa. Walijaribu kwa ile laini ya zamani ya waya wa shaba. Uso wa Tormod ulitokea vipande vipande, ukakwama, mdomo wazi, jicho moja likiwa limehamia shavuni, na hivyo ndivyo ulivyobaki mpaka Dolina akaomba uzimwe. Jirani yake Torcuil, mgane mwenye kondoo wengi na imani kidogo, alimpeleka maktaba ya mjini kwenye mtandao mzuri. Maktaba ikifunguliwa asubuhi, kule ni usiku mnene. Aliambulia kumwona amelala kwa dawa.

Habari ya mtandao wa kasi ilikuwa ya miaka mingi. Kila mwaka alikuja mtu na ramani, akawakusanya kwenye shule iliyofungwa, wakanywa chai na mikate midogo, na katika kila ramani laini iliishia kwenye duka la kijiji cha jirani. Torcuil alisema Cleitir itafikiwa na Yesu kabla ya mkongo wa intaneti. Safari hii, hata hivyo, nguzo zilikuja, na nyuma ya nguzo wakaja mafundi. Kijiji kikakaa, na bila ubishi, jambo ambalo halijatokea tangu nianze kuwajua watu hawa, wakakubaliana: nyumba ya kwanza kuunganishwa iwe ya Dolina.

Fundi aliitwa Fraser, kijana wa Glasgow, amepanga chumba kwa Torcuil. Alikuwa amalize siku ya Jumamosi. Jumamosi ikaja na dhoruba, na kupanda nguzo kukawa ni kutafuta kifo. Mkongo wa Dolina ukabaki umezungushwa na kufungwa juu ya nguzo iliyo mbele ya dirisha la jikoni. Jioni Ngaire alipiga simu. Madaktari walikuwa wamesema zimebaki siku chache.

"Jumatatu asubuhi," Dolina alimwambia. "Mwambie Jumatatu asubuhi mapema."

Jumapili kukapambazuka shwari kabisa, bahari imelala. Dolina alikwenda kanisani, akarudi, na alikuwa bado hajavua koti mlango ulipogongwa. Alisimama Fraser, ngazi begani. Nyuma yake alikuwa Torcuil, akitazama viatu vyake.

"Mama, samahani," alisema Fraser. "Nimesikia habari za mwanao. Upepo umetulia. Ni kazi ya saa moja tu, na sitaiandika popote. Nakufanyia mwenyewe."

Dolina aliitazama ngazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, na huyu alikuja na uponyaji begani. Lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Iweke chini hiyo ngazi, mwanangu. Ingia ule supu. Ilipikwa jana."

"Mama Tormod," alisema Torcuil, "usitufanyie hivyo. Kule kwa mwanao saa hizi ni Jumatatu tayari."

"Nguzo iko hapa, Torcuil, na hapa ni Jumapili."

"Mungu ataelewa, bi mkubwa."

"Wewe ndiye wa kuniambia Mungu anaelewa nini? Mara ya mwisho mmeonana lini?" Kisha akapunguza sauti. "Sitamfanyisha mtoto wa watu kazi siku ya Bwana kwa sababu moyo wangu una haraka. Nimemnyima Tormod hata mluzi kwa ajili ya siku hii. Leo nijiruhusu mimi?"

Torcuil aligusa mfuko wa simu yake, akaenda zake. Fraser aliingia akala. Kijana alikuwa na adabu, alisifu supu. Ila kila alipoinua kijiko macho yake yalikwenda dirishani, kwenye ule mkongo uliofungwa juu ya nguzo, na Dolina aliyaona yakienda.

Alipobaki peke yake alisoma zaburi na hakujua amesoma nini. Jioni alisimama, akavaa koti, akashika kitasa aende kumwita Fraser. Alikaa hapo mlangoni muda mrefu. Kisha akavua koti, akalitundika, akajiambia kwamba asubuhi haiko mbali.

Simu ililia kabla hakujapambazuka. Fraser alipofika saa mbili na ngazi yake, mapazia ya nyumba yote yalikuwa yamefungwa, na wanawake wawili walikuwa jikoni wakipanga vikombe. Kijana alielewa. Akageuka kuondoka.

Dolina akatoka nje. "Panda," alimwambia.

"Mama, naweza kuja wiki ijayo."

"Leo ni Jumatatu. Panda."

Kwa hiyo laini iliingia nyumba ya msiba. Watu wakileta viti na keki, na mzee wa kanisa akisali sebuleni kwa Kigaeli, lugha ya kisiwa, Fraser alitoboa ukuta taratibu ili asivuruge sala, akapitisha mkongo, akafunga kisanduku cheupe juu ya kabati la vyombo. Taa ya kijani ikawaka. Hakuna aliyesema hongera.

Mchungaji alikuja kesho yake. Alikuwa mtu mpole. Alisoma, akaomba, akanywa chai. Alipoinuka kuaga Dolina hakuinuka.

"Mchungaji, katekisimu inasema tupumzike siku ya Sabato kutwa, isipokuwa kazi za lazima na kazi za huruma."

"Ndivyo inavyosema."

"Ile ya Fraser ingekuwa huruma?"

Mchungaji angeweza kumdanganya, na wako waliomlaumu kwa kutofanya hivyo. Alirudi akakaa. "Ingekuwa, Dolina," alisema. "Ungeniuliza ningekuja kumshikia ngazi mwenyewe."

"Nilijua," alisema Dolina. "Jibu hilo nimelikariri tangu sijaota meno ya pili, na ndilo nililomfundisha Tormod. Nilidhani ninayetaka kuona ni mimi tu, na huruma si ya kujifanyia mwenyewe. Sikufikiri kama na yeye anataka."

Mazishi yalikuwa Alhamisi jioni, ambayo kule ilikuwa asubuhi ya Ijumaa. Jikoni palijaa watu. Torcuil aliegemeza kishikwambi juu ya meza, na picha ikaja, wala haikukwama hata mara moja. Walimwona kila mtu. Walimwona mchungaji wa kule akipangusa miwani, waliona upepo ukipekua majani, waliona udongo mwekundu tofauti na wa Cleitir. Jeneza lilionekana waziwazi hata misumari ukaihesabu. Dolina alilitazama bila kupepesa.

Watu wa kule walipotawanyika Ngaire akaja karibu, macho yamevimba. Ndiyo mara ya kwanza wakwe hawa kutazamana uso kwa uso hivyo.

"Mama, kuna jambo. Torcuil alinitumia ujumbe Jumapili yenu, kwamba fundi amekubali. Sisi ilikuwa Jumatatu. Tormod alipoamka nikamwambia. Akataka anyolewe. Nikamvalisha shati la bluu, nikakiegemeza hiki kishikwambi kwenye jagi la maji, tukakaa."

Dolina aligeuka. Torcuil alikuwa ameinamisha kichwa, kofia inazunguka mikononi.

"Nilituma kabla sijaja kwako," alisema. "Nilidhani utakubali. Halafu nikashindwa kukwambia."

"Muda ukapita," Ngaire aliendelea. "Tormod akaniandikia kwa kidole kiganjani, kama tulivyozoea. Kwao ni Sabato, mama hatapiga. Nikainuka nikiondoe. Akanizuia mkono. Akaandika tena: acha, labda."

Dolina alilia. Tangu mumewe afe hakuwa amelia mbele ya watu, na wanawake waliokuwa jikoni hawakujua wafanye nini ila kumshika mabega, mmoja huku, mwingine huku. Alisema jina la mwanawe mara nyingi. Ngaire naye alilia kule, na kwa mtandao ule mpya kila kwikwi ilifika kwa wakati wake.

Sasa kijiji kizima kina mkongo. Jumamosi usiku, kabla ya kulala, nyumba za Cleitir huzima visanduku vyao, hata Torcuil huzima, akiogopa midomo ya watu. Nyumba moja tu haizimi. Waendao kanisani huiona taa ya kijani kupitia dirisha la jikoni, hutazama chini, na hakuna aliyewahi kumuuliza Dolina neno. Akirudi kutoka ibadani hukaa mbele ya kishikwambi na nguo zake za kanisani, nywele amezichana upya, mpaka jioni.

Hakuna anayepiga siku hiyo. Ngaire hupiga Jumamosi, kwa kuiheshimu Sabato ya mama mkwe wake.