Kibali cha Sakafu ya Bafu

Sakafu ya bafu la Eliane ilikuwa na vigae vyeupe, laini kama kioo. Mjenzi wa ghorofa ile ya Nyamitanga alivichagua ili vipendeze macho ya wanunuzi, na vikawapendeza. Eliane mwenyewe, siku alipokabidhiwa ufunguo, alivua viatu akavikanyaga taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa ameuza vitenge katika soko la Rwekubo tangu usichana wake, kisha akapata kibanda mjini Mbarara, na nyumba ile ya vyumba viwili ilikuwa jasho lake lote.

Ubaya wa vigae aliujua alipomleta mama yake, Nyirabahire, kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Kule kambini mama alioga uani, nyuma ya turubai, juu ya mawe bapa aliyoyapanga kwa mikono yake, na hakuwahi kuanguka. Hapa, wiki ya kwanza tu, maji yalipogusa sakafu miguu ilimteleza. Akaponea kwa kushika sinki.

"Mwanangu, hii sakafu ni ya bantu benye magoti mapya," alisema akicheka.

Eliane hakutaka kungoja aanguke kweli. Alimwita Muhirwa, fundi waliyefahamiana naye tangu Nakivale, akamwambia ang'oe vigae vile na kuweka vya mikwaruzo, vinavyoshika mguu. Muhirwa hajainua nyundo, akatokea Bwana Rugamba, mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba za jengo lile. Alisimama mlangoni, kandambili miguuni.

"Nyabo, nani amekupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini, mzee? Bafu ni yangu."

"Bafu ni yako, lakini chini ya bafu kuna mutu. Fundi akipasua vibaya, maji inaingia kwa jirani. Sakafu ya bafu haiguswi mpaka kamati ikubali. Jumamosi tunakaa. Kuja useme ombi yako."

Sheria ilikuwa ya haki, na Eliane aliikubali bila kinyongo. Muhirwa akafunga mfuko wake wa vifaa, akaenda zake.

Jumamosi kamati ilikutana sebuleni kwa Rugamba. Eliane alifika mapema, amejifunga kitenge chake cha kanisani, akaketi kwenye benchi nje ya mlango. Hakubisha hodi. Mtu wa mjini angeshangaa, lakini yeyote aliyepitia kituo cha mapokezi ya wakimbizi cha Kabazana, kule Nakivale, angemwelewa. Eliane alifikishwa pale akiwa mtoto, na somo la kwanza alilopewa lilikuwa kungoja jina lake lisomwe. Aliyekwenda mlangoni kabla ya kuitwa alirudishwa mwisho wa mstari. Baba yake alithubutu mara moja, na familia ikabaki kulala ukumbini huku wenzao wakienda kuonyeshwa viwanja vyao. Tangu hapo, penye mlango wa wakubwa, Eliane aliketi, akanyamaza, akatega sikio.

Dirisha lilikuwa wazi. Walimwona, naye aliwasikia.

"Yule si mukimbizi wa juu yangu?" aliuliza Mukandoli, jirani anayekaa chini ya nyumba ya Eliane. "Mbona haingii?"

"Mwache," alisema Rugamba. "Labda anangoja posho."

"Basi tumupatie na blanketi."

Wakacheka wote. Eliane naye alitabasamu pale benchini, peke yake, kwa haya. Alijiambia kwamba watu waliochangamka hukubali upesi, na kwamba jina lake litafuata sasa hivi. Yakaja mambo ya takataka, yakaja mambo ya geti. Halafu viti vikakwaruza sakafu, na wajumbe wakatoka wakijifuta mafuta ya sambusa midomoni.

"Mwenyekiti, na ombi yangu?"

"Ombi gani? Mwenye ombi hakukuwa ndani."

"Nilikuwa hapa. Nilikuwa nangoja muniite."

"Sisi hatuiti watu, nyabo. Hapa si kambi. Tunakaa tena mwezi wa saba."

"Mama yangu atagwa bafuni, mzee."

"Umwogeshe kwa beseni," alisema Mukandoli akimpita. "Sisi wote tulioga kwa beseni na tukakua."

Eliane akafanya hivyo. Kila asubuhi alitandika nailoni kitandani, akamwosha mama yake kwa kitambaa kabla ya kwenda kibandani. Nyirabahire alivumilia akiwa ameugeuza uso ukutani. Katika maisha yake alikuwa amezika mume na kulima shamba peke yake, na hakuna aliyewahi kumshika mwili namna ile.

"Unaniosha mu kitanda kama maiti," alisema siku moja. "Ungengoja nikufe kwanza."

Asubuhi iliyofuata alidai ana usingizi, asiguswe. Eliane alipoondoka, akajaza ndoo, akaingia bafuni kuoga mwenyewe.

Yaliyofuata aliyasimulia Mukandoli, na hakuona haya kuyasimulia. Alisikia kishindo juu ya dari, kisha sauti ya kuita, ikaita mno. Mtoto wa bintiye alikuwa amelala. Akachukua mpini wa ufagio akagonga dari ili huko juu watulie. Wakatulia.

Eliane alimkuta mama yake jioni, sabuni imemkaukia mgongoni. Nyonga ilikuwa imevunjika. Hospitalini daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba katika umri ule mama hatasimama tena.

Siku walipomrudisha nyumbani, Rugamba alipanda ngazi na kilo ya sukari.

"Pole, nyabo. Kamati ilikaa ya haraka. Sakafu imekubaliwa. Tu kelele iishe mbele ya saa kumi."

"Mulikaa wakati gani?"

"Jana, hapo kwa ngazi. Ilikuwa kitu kidogo. Hakuna mutu alipinga."

Muhirwa alirudi na vigae vya mikwaruzo. Nyundo ilipoanza, Nyirabahire alifumbua macho.

"Nani anapiga vile?"

"Muhirwa, mama. Anatengeneza bafu."

"Ya kuoga nani?"

Eliane alimfunika shuka miguuni, akatoka. Fundi alipomaliza na saruji ikakauka, aliingia bafuni, akafunga mlango. Akamwaga ndoo nzima ya maji, akamwaga na sabuni. Akasimama katikati bila kushika kitu, akajaribu kuteleza. Akasukuma mguu mmoja, akasukuma wa pili, kwa nguvu, hadi nyayo zikamchubuka. Sakafu ilimshika.