Pweza wa Osaka na Hindi Langu

Ninashikilia hili: kula pweza barabarani Osaka hakumfanyi mtu kuwa mjuzi wa dunia.

Ninaliandika kwenye ubao huu wa matangazo wa hoteli ya chai kwa sababu leo mchana, hapa hapa Karatu, sikupewa nafasi ya kulisema.

Fundi Damiano amerudi kutoka mafunzo ya mashine Japani. Wale ambao kila siku huningoja niwafafanulie gazeti walimzunguka yeye.

Hata Fausta, ambaye kila siku hukaa mbele nikisoma!

Damiano alisimulia jinsi mwenyeji mmoja alivyowatembeza mitaani Osaka, kibanda hadi kibanda, wakila maandazi madogo ya moto yenye pweza ndani.

Nikapaza sauti kutoka mlangoni: "Watu wazima wanaokula huku wakitembea njiani hawana adabu!"

Damiano akanitazama kwa upole. (Upole ule ndio ulioniudhi.)

"Kaka, kule hatukula tukitembea. Mwenyeji wetu alitusimamisha penye kibanda mpaka tumalize. Sasa wewe, hilo hindi umeanza kulitafuna wapi?"

Nilikuwa nalo mkononi, limebaki nusu.

Fausta alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Hindi ninalikubali. Hoja yangu siiachi. Mimi nimesoma habari za Japani tangu chuoni. Yeye alikuwa haijui hata kwenye ramani.

Basi ninamtaka Damiano ajibu hapa ubaoni, mbele ya kila mnywa chai: kati yetu wawili, nani alistahili kumla pweza yule?

Kalamu nimeifunga hapo kwa uzi.