Kona ya Mtoni na Pikipiki Isiyo na Springi

Wiki iliyopita nilikuwa Makadara, nimemsindikiza jirani yangu mahakamani kwa kesi yake ya plot. Tulipotoka nikaona pikipiki imeegeshwa kando ya kibanda cha chai, nikasimama kabla sijajua kwa nini nimesimama. Ilikuwa nyeusi, fupi. Madigadi ya mbele ilikuwa imeng'olewa na ya nyuma imekatwa, ikabaki kipande, na kiti kimoja cha ngozi kilikuwa kimelala chini karibu na injini. Nikainama kuangalia nyuma. Springi hazikuwepo. Gurudumu lilikuwa limefungwa moja kwa moja kwenye fremu.

Mwenyewe, kijana mwenye kikombe mkononi, akaniona nikichungulia.

"Niaje, madam. Umependa boba yangu, hii pikipiki ya kukatwa? Keti tu, haiumi."

Nikamshukuru, nikamwambia nina haraka. Kwa kweli sikuwa na haraka. Mimi ni mtu mzima na nina watoto, lakini pale kando ya barabara nilikuwa tena msichana wa darasa la tatu, ulimi umejaa ladha ya damu.

Labda wewe hujawahi kubebwa kwa pikipiki ya namna ile, kwa hivyo ngoja nikueleze. Pikipiki ya kawaida ina springi pande mbili za gurudumu la nyuma. Ukikanyaga shimo, springi zinalimeza kwanza, wewe unapata mabaki. Ile ya Baba haikumeza kitu. Kila jiwe la njia lilipanda kwenye gurudumu, likapita kwenye fremu, likakufikia kiunoni bila kupungua. Dereva alikuwa na nafuu kidogo, kwa sababu kiti chake kilikaa juu ya springi mbili fupi, kama zile za baiskeli kuukuu. Mimi wa nyuma nilikalia kipande cha sponji kilichoshonewa turubai juu ya madigadi.

Baba aliiunda mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la kiwanda kimoja huko mtaa wa Baba Dogo, na babake alikuwa mchonga vinyago. Nadhani huko ndiko alikotoa ile tabia ya kutoweza kukiacha kitu jinsi alivyokikuta. Alinunua pikipiki iliyochoka, akaikata kwa fundi wa kuchomelea, akaishusha, akaiwekea gurudumu nene nyuma. Mtaa wote wa Lucky Summer, tulikokaa, ulikuwa unaijua kwa sauti. Salansa, lile bomba la moshi, ilikuwa fupi, na ikinguruma kwenye kona ya mtaa wetu, mabati ya jirani yalikuwa yanajibu. Wanaume walimsimamisha kuipapasa. Mama hakuipanda hata mara moja.

Lakini mimi sikuwa na la kuchagua. Mama alifanya kazi kiwandani shifti ya mchana, kwa hivyo nikitoka shule Baba alikuja kunichukua, akanipeleka Dandora kwa mamake, kisha akarudi kazini. Tulimwita nyanya huyo Susu, kama Wakamba wanavyoita. Njia ya mkato ilikuwa ya mawe na vumbi, ikashuka mpaka darajani, ikapinda ghafla, ikapanda tena ikipita kando ya jalala kubwa.

Kwenye lami laini, nikiri, ilikuwa raha. Pikipiki ilikuwa ndefu na imelala chini, na ikinyooka imenyooka, haiyumbi. Baba alikuwa akisema ukiwa juu yake unaisikia barabara kama unatembea miguu mitupu. Ni kwenye njia mbovu ndipo nilipoanza kuogopa, na niliogopa tangu nikiwa darasani, kengele ikikaribia kulia. Alinifundisha kukanyaga vyuma vya miguu na kunyanyuka kidogo tukifika kwenye mashimo, magoti yakunjike, mdomo ufungwe. Usiongee ukiwa juu ya mashimo, alikuwa akisema, utakula ulimi wako. Nilijua pia kwamba kona mbovu ni mbaya kuliko shimo la kawaida, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa linaruka, na likiwa hewani halishiki kitu. Nililisikia likiruka chini yangu, likitua kando ya pale lilipokuwa, na moyo wangu ukatua nyuma yake.

Mama alijua naogopa. Kila asubuhi alitia leso kwenye mkoba wangu wa shule, na Baba alinifunga nayo kiunoni mwake kabla hatujaondoka. Siku ninayokusimulia, leso ilikuwa imefuliwa na bado inadondosha maji kwenye kamba. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Baba akatazama barabara, akanitazama mimi.

"Utashika koti vizuri?"

"Nitashika."

Nikashika. Koti lake la jinzi lilinuka petroli na moshi, na nilifumba macho kama kawaida yangu. Tukateremka polepole. Pale kwenye kona ya mtoni maji yalikuwa yamefunika njia, shimo halionekani. Gurudumu la mbele likalipita pembeni. La nyuma likaingia, likagonga ukingo, likaruka. Nilihisi sponji inanipiga teke. Kisha mikono yangu ilikuwa wazi, haina koti, na nilikuwa hewani nikiutazama mgongo wa Baba ukienda.

Nilianguka kwenye tope laini lenye takataka, ndiyo maana sikuvunjika. Ulimi niliuuma vibaya. Nilijaribu kumwita, ikatoka damu badala ya sauti. Pikipiki ikapanda mlima ule mwingine ikinguruma, ikapinda, ikapotea. Hakugeuka. Ile pikipiki ilikuwa inamrusha hivyo siku zote. Hakuwa na njia ya kujua kwamba safari hii ilipungua mtu.

Sijui kama naweza kukueleza hofu hiyo. Kuanguka kulikwisha haraka. Iliyobaki ni kuona mtu wako anaenda na hajui kwamba amekuacha. Kando yangu ndege korongo wa jalala walikuwa wamesimama, wakubwa kama mimi, vichwa vipara, wakinitazama bila kuondoka. Moshi wa takataka ulikuwa unatambaa chini chini. Nilikuwa nimeonywa maisha yangu yote nisisimame mahali pale.

Mwanamke mmoja akateremka kutoka kwenye lundo, gunia la chupa mgongoni, buti za mvua miguuni. Akaliweka gunia chini, akachuchumaa mbele yangu.

"Wewe ni wa nani?"

Nikaonyesha kwa kidole kule juu.

"Nani amekuacha hapa?"

Nikalia tu. Akafungua mdomo wangu kwa vidole, akaangalia, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, na ulinishika kama mtu asiye na mpango wa kuachilia. Watu wakaanza kukusanyika: vijana wawili wa bodaboda, mwanamume mwenye mkokoteni, akina mama waliokuwa wanavuka daraja. Nilisikia mmoja akisema watoto wanaibwa siku hizi, mwingine akisema lazima kuna mtu amenitupa.

Wakati huo Baba alifika Dandora kwenye geti la Susu, akaegesha, akasema, "Shuka, mama." Alikuwa akiniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mamake. Susu alikuwa mlangoni akipepeta mahindi ya muthokoi. Baadaye alitusimulia kwamba alimwuliza tu, "Shuka nani?" na kwamba hajawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Mimi kule chini nilianza kuisikia pikipiki ikirudi. Ilikuja kwa kasi ambayo hakuwahi kuniendesha nayo, na kila iliporuka sauti ilikatika kisha ikarudi. Nilijua shimo liko wapi. Nilijua gurudumu litafanya nini pale, na sikuwa na ulimi wa kumwambia. Akatokea kwenye mteremko, akatuona, akakanyaga breki, nyuma ikaenda upande. Akaiachia. Pikipiki ikalala kwenye tope, injini ikiendelea kunguruma, naye akaja akikimbia, mguu mmoja hauna kiatu.

Mwanamke wa gunia akanivuta nyuma yake.

"Simama hapo. Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Kama ni wako mbona ulimtupa?"

"Sikumtupa. Ameanguka. Sikujua."

"Mtu hawezi kukosa kujua mtoto ameanguka," akasema mwanamume wa mkokoteni. Vijana wa bodaboda wakasogea pande zote mbili za Baba. Mmoja tayari alikuwa ameokota jiwe. Wewe umekulia mitaa hii, unajua kinachofuata mtu akidhaniwa mwizi wa watoto. Baba pia alijua. Mikono aliiweka wazi mbele yake, akasema jina langu mara moja, kwa sauti ndogo.

"Muulizeni mtoto," akasema mama mmoja. Lakini mdomo wangu haukuweza.

Nikauchomoa mkono wangu kwa yule mwanamke. Hakutaka kuuachilia, kisha akauachilia. Nikaenda kwa Baba nikajificha ndani ya koti lake, uso wote. Nilisikia jiwe likianguka. Yule mwanamke akaja akamwambia Baba kwa utaratibu, "Barabara ni hii. Mtoto si gunia." Akajitwika mzigo wake, akapanda tena kwenye lundo.

Hatukupanda. Baba alisukuma pikipiki kwa mkono mmoja hadi Dandora, mkono mwingine akanishika mimi. Susu hakumgombeza. Alinisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akanilaza karibu na jiko, na Baba akakaa nje kwenye ngazi mpaka muthokoi ikaiva na kupoa. Siku hiyo hakurudi kazini. Jumamosi iliyofuata aliing'oa sponji, akavikata vyuma vya kukanyagia. Aliendelea kuiendesha peke yake kwa muda, kisha akaitenganisha vipande vipande, injini ikaenda kwa mtu wa kusaga mahindi.

Sasa kona ya mtoni ina lami na matuta. Susu ametuacha, na pale uani kwake nilipokuwa nikichota maji kwa mtungi pana ghorofa lenye kamba za nguo kila roshani. Shule yangu imebadilisha rangi na geti. Hata wanaume waliokuwa wakisimama kuipapasa ile pikipiki siwaoni tena, na nikimtajia mtu wa Lucky Summer habari yake ananitazama kama ninayebuni.

Baba yupo, amezeeka, anatembea polepole. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki kwa gari langu, yeye kiti cha mbele, tukiongea habari za bei ya unga. Tukapita tuta. Akanyamaza katikati ya neno, akageuka na shingo yake ngumu kuangalia kiti cha nyuma. Hakukuwa na mtu. Akatazama mbele, akaendelea na habari ya unga, mpaka tulipofika kwenye tuta lingine.