Ile ya Farasi na Mwisho Wake

Enzi zetu filamu hazikuwa na mwisho. Sisemi zilikuwa ndefu, la. Nasema tulizitazama mwaka nenda mwaka rudi bila kujua zinaishaje, na bado tulibishana ipi ni kali na ipi imesifiwa bure, mpaka makoo yakakauka.

Kwetu tulikuwa na shamba dogo la chai, na ng'ombe ambao baba aliwapenda kuliko sisi. Ukivuka mto unafika kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa, na katikati ya kambi palikuwa na holi. Ndani ya holi kulikuwa na televisheni iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao lenye kufuli, kana kwamba ingetoroka. Jumamosi watu wakishatoka kuchuna majani, kwaya ya kanisa iliingia kwanza kufanya mazoezi. Sisi tulikaa nje kwenye nyasi, gunia kichwani kwa sababu ya mvua, mahindi ya kuchoma mkononi, tukiomba sauti ya tatu ishike wimbo haraka ili wenzao wamalize waende. Baba akinikuta njiani aliuliza swali lile lile: "Hiyo picha itakukamulia ng'ombe?" Nami nilimjibu kwa heshima kwamba nimeshakamua, halafu nikakimbia kabla hajanikumbusha ndama.

Sasa, stima ya kambi ilitoka kiwandani. Trekta za mwisho zikifika na majani ya mchana, kiwanda kiliwasha mafeni makubwa ya kunyausha majani, na mafeni yale hayakutaka kugawana stima na mtu. King'ora kinalia, balbu inafifia, televisheni inajikunja na kuwa kidoti cheupe, kwisha. Kanda inabaki tumboni mwa deki ya video mpaka Jumatatu. Jumamosi inayofuata hakukosi mtu mpya, mgeni wa fulani kutoka Chebunyo, anayedai ianzishwe upya kwa sababu yeye hajaona. Basi tunaanza upya. Nikikwambia mwanzo wa filamu zile naujua kuliko Sala ya Bwana, usidhani natania.

Iliyopendwa kuliko zote tuliiita tu Ile ya Farasi. Lugha yake hatukuijua. Msichana mmoja anampanda farasi kwenda kumtafuta kaka yake aliyepotea, anavuka nchi iliyojaa theluji. Theluji hatukuijua pia. Mara ya kwanza ilipoonekana, wamama waliokuja na aproni zao za plastiki zinazonuka majani mabichi waliguna holi nzima. Walidhani ni mvua ya mawe, ile inayotupiga sisi na kuchana chai yote. "Woi, majani yameisha!" alilia mmoja. Mwingine akauliza kwa nini huyo msichana anazurura na farasi badala ya kwenda kuangalia shamba lake.

Mwishoni, yaani mwisho wetu sisi, msichana anaona mwanga kwenye kibanda cha mbao. Anashuka. Anainua mkono abishe mlango. King'ora!

Tulirudi nyumbani tukigombana. Kaka yumo? Hayumo? Mimi nilisema yumo, kwa sababu steringi hashindwi. Kiplangat, aliyekuwa bingwa wa kupinga kila kitu, alisema humo ndani kuna majambazi. Lakini sote tulikubaliana kwamba filamu yenyewe haina mpinzani. Sote isipokuwa Nyaboke.

Mimi na Nyaboke tulikaa dawati moja. Wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuna chai, na walikaa hapo kambini. Alikuwa na kaka aliyeitwa Mokaya, ambaye alikwenda Mombasa kutafuta kazi na habari zake zikakatika. Kila jioni mama yao alimpakulia Mokaya sahani yake, akaifunika na sahani nyingine, na asubuhi kiporo hicho alipewa Nyaboke ale kabla ya shule. Alinibebea tonge moja la ugali baridi kwenye mfuko wa sweta. Hakuna chakula nilichokipenda vile. Ile filamu nayo ilianza na mama anayeweka bakuli la ziada mezani, na tulipoliona tulimgusa Nyaboke kwa kiwiko: "Ona, kama kwenu."

Nyaboke alipenda filamu zote. Ya mwanajeshi anayemaliza jeshi zima peke yake, aliipenda. Ya Wahindi wanaoimba mvuani bila kupata homa, aliililia. Hii moja tu, ambayo wazee kwa watoto waliisifu, alikunja mikono akasema, "Hiyo picha imesifiwa bure. Mtu akipotea hapatikani na farasi." Ukimwuliza sababu nyingine hana. Nilijiuliza sana kuhusu jambo hilo. Kuna mambo ya utotoni yanayokuganda kama tope la mtoni kwenye kiatu, unakwenda nayo mpaka uzeeni.

Juzi tu kwenye grupu letu la WhatsApp la watu waliosoma pamoja, niliuliza kwa uchokozi: jamani, filamu gani ya zamani ilisifiwa bure? Hata sijaweka simu chini, Nyaboke amejibu. "Ile ya farasi." Grupu likawaka. Kiplangat, ambaye siku hizi ni mzee wa kanisa huko Silibwet na tumbo linamtangulia madhabahuni, aliandika kwamba huo ni uchochezi. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wakatukanana kwa upole mpaka jioni.

Binti yangu Cherop aliniona nikicheka peke yangu. Akauliza, nikamweleza, na chai yangu haijapoa ameshaipata filamu yenyewe kwenye simu. Nilipotoka kufungia kuku na kurudi, akasema ameimaliza.

"Umemaliza aje?"

"Nimeruka, mum. Iko slow sana. Mwisho ni watu wawili tu wanakula supu. Hiyo ndiyo mlikuwa mnapigania?"

Fikiria. Sisi tuliona kila kitu isipokuwa mwisho, na yeye akaona mwisho tu. Nilimkataza asiongeze neno, nikampigia Nyaboke, ambaye ameolewa karibu na Chepilat.

"Mama Cherop, kuja nayo," alisema. "Lakini huyo msichana wako asiniambie kitu. Na kama huyo kaka hayuko ndani ya hiyo nyumba, sitaki kujua nikiwa peke yangu."

Kesho yake mchana tulikwenda, mimi na Cherop. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa na viazi vitamu, simu tukaiegemeza kwenye kopo la sukari, mvua ikaanza kupiga mabati kama ilivyo kawaida yake saa hizo. Theluji ilipotokea nilisema, "Woi, majani yameisha," naye akacheka mpaka akamwaga chai. Baadaye, akiwa bado anaangalia simu, akaniambia bila kuulizwa.

"Nilikuwa naogopa. Mkisema amempata, nasikia uchungu. Mkisema hajampata, ni uchungu pia. Nikaona afadhali picha iwe mbaya."

Mokaya hajarudi mpaka leo. Mama yao aliendelea kuifunika ile sahani mpaka alipotuacha. Nilimshika Nyaboke mkono, nikaona haya kwamba nilikula kile kiporo kwa furaha namna ile.

Msichana akashuka kwenye farasi. Akainua mkono. Mimi na Nyaboke, bila kuambiana, tukaangalia balbu ya sebuleni. Haikufifia. Siku hizi hakuna king'ora cha kutukatiza, na watoto wetu wanaujua mwisho kabla ya mwanzo, kwa hiyo hawana la kubishania wakienda nyumbani. Nawahurumia kidogo. Na kusema kweli, nikatamani stima ipotee.

Mlango ukafunguka. Kaka alikuwemo, mwembamba, ndevu zimemjaa. Hawakukumbatiana. Alimsogezea dada yake kiti, na pale mezani, kabla hata dada hajabisha hodi, palikuwa tayari na bakuli la pili.

Cherop aliinua macho akatuangalia, wamama wawili waliogeuka mawe mbele ya supu. Nyaboke alijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Nilisema," akanong'ona. "Imesifiwa bure."

Halafu akasogea karibu na simu.

"Cherop, mama, hebu rudisha nyuma kidogo. Hapo kwa bakuli."