Spana ya Pembe Nane

Enzi zetu, na nyinyi mliokulia Garissa miaka ile ya shifta mtanikubalia, mtoto hakuhitaji kununuliwa furaha. Siku hizi mtoto akikosa bando siku moja anakuambia amechoka na maisha. Sisi tulikuwa na vita mlangoni na bado tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi likatufanya wote rangi moja.

Asubuhi tulinunua anjera za moto kwa jirani, tukazimwagia samli na sukari. Chai ilikuwa ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Shuleni mwalimu wetu alituimbisha kwa nguvu kila magari ya jeshi yalipopita, eti tufungue mapafu. Na zaidi ya yote kulikuwa na makoma, yale matunda ya mikoma ya kando ya mto Tana, matamu kwa nje na magumu ajabu kwa ndani. Lazima uyaponde. Sasa Garissa ni mchanga mtupu, jiwe la kujaza kiganja utalitafuta mpaka jua lizame. Kwa hiyo watoto wa Garissa tulipondea chuma. Chuma chochote kizito kilichoachwa ovyo kilikuwa chetu.

Baba yangu, Mkamba aliyekuja kutafuta riziki, alikuwa fundi katika gereji ya tajiri mmoja pale mjini. Tajiri alikuwa na lori kuukuu, la kabla sijazaliwa, lililopeleka unga na sukari Griftu na Bute. Dereva wake alikuwa Adeer Hassan. Adeer ni amu kwa Kisomali, nasi watoto wa watu wa bara tulimwita hivyo hivyo, kwa sababu alitupenda na hakuwahi kutufukuza garini.

Basi gurudumu la nyuma likaanza kulia. Beringi imekufa. Ili uitoe ni sharti ufungue nati ya mwisho wa ekseli, nati kubwa kama kikombe, ina pembe nane, imezama ndani huko. Spana za kawaida hazikuifikia. Baba aliagiza Nairobi, ikaja ya pembe sita. Akaagiza tena, ikaja ya pembe nane lakini inapwaya. Watu wakamwambia aipige tindo, yaishe. Baba akakataa katakata. Nati iliyopigwa tindo, alisema, haishiki tena, na gurudumu litatoka njiani. Na njia za wakati ule mnazijua: gari likikwama, msafara wa jeshi haukungoji.

Aliyeipata ni Adeer Hassan. Alidandia lori la watu mpaka Griftu, akachakura rundo la vyuma vikuukuu siku nzima, akarudi na spana yenyewe, bomba zito la chuma lenye pembe nane, imeviringishwa ndani ya kikoi chake. Baba aliivisha kwenye nati, ikakaa sawasawa. Sikuwahi kumwona baba akimkumbatia mtu, siku hiyo nilimwona.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, gereji ikafungwa, ufunguo ukabaki kwa Adeer Hassan. Mimi nikapenya pale mabati yalipoachana, nikaichukua ile spana. Nilikuwa na makoma kumi na moja. Nikashuka nayo mtoni, ambako tulikuwa tumekatazwa kabisa kufika, nikaponda makoma kwa raha zangu. Hakijapata kutokea chuma kizuri cha kupondea kama kile. Kisha nikasikia gari la jeshi, nikatimua mbio. Spana ikabaki chini ya mkoma.

Jumamosi ikatafutwa, haionekani. Zama zile chuma hakikupotea tu, kilikuwa kimekwenda kwa shifta, wale waasi wa porini. Tajiri akaita askari. Nani alikuwa na ufunguo? Nani anajua njia za Griftu, waliko shifta? Adeer Hassan hakupandisha sauti.

"Hii kitu mimi ndio nilileta," alisema. "Mtu anaiba kitu yake mwenyewe?" Kisha akamgeukia baba. "Fundi, waambie."

Baba alitazama chini, akasema ufunguo ulikuwa kwa Hassan. Nami nilikuwa pale pale mlangoni, mama amenishika bega. Nilijua iliko. Lakini kusema ni kukiri kwamba nilikwenda mtoni, na fimbo ya baba niliijua. Nikalia tu. Walipompitisha mbele yangu, Adeer Hassan alisimama kidogo.

"Usilie, Mwende. Kesho narudi."

Hakurudi kesho yake. Siku ya tatu nilijikaza, nikaifuata spana mtoni, nikaiweka nyuma ya pipa la oili. Baba aliikuta. Unga wa makoma ulikuwa umegandamana kwenye zile pembe. Aliutazama kwa muda, akanitazama mimi, akaifuta kwa mafuta ya taa. "Ilikuwa hapa hapa," aliniambia. "Umesikia?" Nikasema ndiyo, baba.

Akaenda kuwaambia askari imeonekana. Hata hivyo Adeer Hassan alikaa huko siku kumi na mbili. Alirudi mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, na vidole viwili havikukunjika tena maisha yake yote. Baba akamweleza habari ya pipa. Adeer Hassan akasema alhamdulillahi, akamsaidia kushika ekseli kwa mkono wake ulio mzima. Lori lilipopona, lilipewa dereva mwingine, maana Adeer Hassan hakuweza kushika gea. Baba na mimi hatukulizungumza jambo lile hata siku moja, mpaka nikamzika.

Mwaka jana, arusini Islii, kule Nairobi, mama mmoja alinishika mkono. Ni Habiba, binti yake Adeer Hassan, aliyekuwa mchanga mgongoni mwa mama yake siku zile. Alifurahi mno kuniona.

"Baba alikutaja mpaka anakufa," aliniambia. "Alisema siku ile, mji mzima, ni mtoto wa fundi peke yake aliyemlilia."

Nikamshukuru. Jamani, nilimshukuru, nikala na biriani yake.

Tunapenda kusema watoto wa leo hawana adabu, wanaropoka mbele ya wakubwa. Ninao wajukuu watano wa namna hiyo, nawakemea kutwa. Yeyote kati yao, hata yule wa miaka sita, angesema palepale mlangoni.